Viganja Visivyokutana

Watu wa jumuiya yetu hapa Temeke waliacha kusali, wakaanza kuangalia mikono yangu. Mtu akiinua viganja na kuvibandika pamoja, vinakutana kidole kwa kidole. Vyangu havikutani. Vidole vimejikunja, katikati panabaki uwazi, na ngozi imekuwa nene, inang'aa, ukiifinya haifinyiki.

Mwenyekiti wetu Revelian ndiye aliyeanza. Alisema mikono inayokataa kusali ina sababu yake. Hakunitaja jina, maana hakukuwa na haja. Mume wangu Sebastian alikuwa amekaa pale pale. Wateja wa makochi walikuwa wameikimbia karakana yake ya Keko, na mtu anayetafuta wa kumlaumu hachagui. Wiki ile ile alihamishia godoro karakana. Alisema pepo likitolewa, nikafunguliwa nilichofungwa, atarudi.

Nimemzalia, nimemuuguza, nimelala naye njaa, leo mimi ndiye mkosi wa nyumba. Iliniuma, tena iliniuma sana.

Nikaenda kliniki ya kisukari, ugonjwa nilio nao miaka mingi. Daktari, binti mmoja anaitwa Sekela, aliniambia niunganishe viganja, akatazama ule uwazi wala hakushangaa. Alisema ngozi inashikiliwa na nyuzi ndogo mno za protini, zinaitwa kolajeni. Sukari ikizidi kwenye damu miaka na miaka, inanasa kwenye nyuzi hizo na kuzifunga zenyewe kwa zenyewe. Mwili unashindwa kuzivunja ili uweke mpya, basi ngozi inajaa, inakakamaa, vidole vinagoma kunyooka.

Nilitoka pale nacheka peke yangu. Sijawahi kuona mtu akishangilia ugonjwa, lakini mimi nilishangilia. Sikupitia nyumbani, nilikwenda moja kwa moja Keko.

Sebastian alikuwa anapiga msasa mguu wa kiti. Nilimweleza yote kama nilivyoelezwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaushika mkono wangu, akaubonyeza, akaugeuza. Tangu ahame alikuwa hajanigusa.

"Kwa hiyo ni kama gundi ya mbao," alisema.

"Hivyo hivyo, baba Noela. Sijafungwa na mtu."

Aliamini. Niliuona uso wake ukilegea, nikaanza kuwaza jioni nipike nini.

"Na hiyo gundi, inabandukaga?"

Ningeweza kumdanganya. Nilimwambia ukweli, kwamba nyuzi zilizokwisha kushikana haziachiani vizuri tena. Kazi iliyobaki ni kushusha sukari tuokoe zilizo nzima, na kuchunga miguu, maana ngozi ya namna hii ikipata kidonda haifungi upesi. Nilisema "tuokoe", na yeye alilisikia hilo neno.

Aliuachia mkono wangu taratibu.

"Bora lingekuwa pepo, mama Noela," alisema. "Pepo linatolewa. Mie nilikuwa nasubiri litolewe nirudi."

Nilimuuliza na sasa je. Akaokota msasa wake, akaendelea na mguu wa kiti. Nilisimama pale mpaka vumbi la mbao likanipaka nguo, hakuinua kichwa.

Jumamosi jumuiya ilikuja kusali kwangu. Revelian, niliyekuwa nimempelekea maneno ya daktari, alitangaza kwamba mimi, Bernadeta, ni mgonjwa, sina pepo, na wote wakaniombea kwa sauti. Sebastian naye alikuja. Alikaa karibu na mlango, kwenye kiti cha wageni, na baada ya amina akanipa pole pamoja na wenzake, akarudi Keko.