Mgonjwa wa Melini

Kule Gehandu, mtu mzima akifunga safari mwezi wa mavuno, majirani hupenda kujua anakwenda wapi, na majibu yanayokubalika ni machache: msiba, harusi, mahakama au hospitali. Kupumzika si jibu. Hakuna aliyewahi kufunga mlango wake mwezi wa Julai, mahindi yamesimama makavu shambani, akawaambia watu kwamba anakwenda kupumzika. Angechekwa mpaka kijiji cha pili, Gendabi.

Ndiyo maana Violeth alipopiga simu kutoka Italia, anakofanya kazi ya kutunza wazee, akasema yeye na mumewe wamewakatia baba na mama tiketi za meli, wiki nzima katika bahari ya Mediterania pamoja na wajukuu, furaha ya Bernadina haikufika hata asubuhi. Alifurahi, akalia kidogo, kisha akamgeukia mumewe.

"Sasa watu tutawaambia nini?"

Evarist alikuwa na jibu tayari. Huyu ni mtu anayeogopa macho ya watu kuliko anavyoogopa ukame. "Tukisema tunakwenda Ulaya kutembea, hatutakaa tena kwa amani hapa," alisema. "Kila mwenye shida atahamia mlangoni kwetu. Tutasema unaumwa."

"Naumwa nini?"

"Nyonga. Nyonga haionekani."

Hivyo ndivyo Bernadina, mwanamke mzima wa afya, mwenye kubeba debe la mahindi kichwani na bado akapata pumzi ya kuimba, alivyougua ghafla. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Evarist alisimama mbele ya wanajumuiya, akaeleza kwa sauti ya kinyonge kwamba mama Violeth anapelekwa Dar es Salaam kwa daktari bingwa. Bernadina alikuwa na nafasi ya kusema lolote na hakusema. Tena afadhali angenyamaza tu. Walipotoka kanisani, alichechemea. Hakuna aliyemtuma. Mguu uliburuzika kidogo, mkono ukashika kiuno, pumzi ikakatika kila alipokanyaga penye jiwe. Ulikuwa mchechemeo wa hakika kabisa, hata Evarist mwenyewe alishtuka.

Jirani yake Agatha, mjane anayekaa ng'ambo ya korongo, mkubwa kwake kwa miaka kama kumi, alimsogelea akamshika mkono. "Usiwaze ng'ombe, mdogo wangu. Nitakukamulia mimi."

"Na wako je, dada?"

"Wangu ni mmoja tu. Hanishindi."

Bernadina akasema asante. Uso mkavu kabisa, akasema asante.

Meli waliipandia Genoa. Ilikuwa na ghorofa nyingi kuliko jengo lolote alilowahi kuliona Arusha, na Bernadina alisimama gatini akauliza kama kweli dude lile litaelea. Lilielea. Siku ya kwanza alipanda juu penye bwawa la kuogelea, akakuta wazee wa Kizungu wamelala juani nusu uchi. Yeye alilelewa kutompita mzee bila kumwamkia, basi akaanza kuwapa shikamoo mmoja baada ya mwingine, mpaka Violeth akamvuta mkono huku anacheka. Evarist naye alivaa kaptula, mara ya kwanza tangu shule ya msingi, akawa anazunguka sitahani mikono nyuma kama mkaguzi.

Na tuseme ukweli, Bernadina alifurahi. Hawezi kumsingizia mtu. Kitanda kilitandikwa na watu wengine. Chakula kilipangwa kwenye meza ndefu, kila mtu ajipakulie anachotaka, arudi akitaka, wala hakuna aliyemuuliza kuni zimetoka wapi. Kule Napoli alikula aiskrimu barabarani pamoja na wajukuu, akacheka mpaka kilemba kikamvuka. Alikuwa hajacheka hivyo tangu usichana wake, na kwa muda huo alimsahau mgonjwa wa nyonga kabisa.

Alikumbushwa mgonjwa huyo jioni meli ilipokuwa inaondoka Palermo. Walikuwa wanakula, Bernadina ndiyo kwanza anarudi na sahani ya pili, simu ya Evarist ikaita. Ni Hermani, mwenyekiti wa jumuiya yao, anapiga kwa WhatsApp. Evarist aliitazama simu kama mtu aliyeona nyoka ndani ya kiatu.

"Usipokee," alisema Bernadina.

"Nisipopokea watadhani umekufa."

Akapokea, akafungulia spika. Hermani alisema tumsifu Yesu Kristo, wao wakaitikia milele amina, na nyuma yake zikasikika sauti nyingine nyingi, za wanawake na wanaume, zikiitikia pamoja.

"Mama Violeth, tuko hapa uani kwako," Hermani akasema. "Jumuiya nzima. Tumemaliza kuvuna mahindi yako leo. Kupukuchua tutapukuchua wiki ijayo. Wewe usiwe na wasiwasi wa nyumbani, shughulika na kupona."

Kwao, mwenye shamba akiita majirani wamsaidie kuvuna, ni lazima apike pombe na chakula cha kutosha, la sivyo mwakani atavuna mwenyewe. Lakini shamba la mgonjwa haliitiwi watu. Watu hujiita wenyewe, kila mmoja na kiporo chake cha kula mchana, na mwenye shamba hadaiwi hata kikombe cha uji. Bernadina amekwenda katika mashamba ya namna hiyo maisha yake yote. Alijua namna watu wanavyofanya kazi humo, bila utani mwingi, wakimtaja mgonjwa kwa upole. Sasa alijitazama yeye mwenyewe akitajwa hivyo, amesimama na sahani ya keki ya chokoleti mkononi.

Kama haitoshi, bendi ya meli ikaanza kupiga muziki, na watu wakashangilia.

"Hizo kelele za nini?" Hermani akauliza.

"Redio ya wodini," akasema Evarist, bila hata kupepesa macho.

"Basi tusali kidogo, tusimchoshe mgonjwa."

Wakaanza Salamu Maria. Sauti zilikuja zimekatikakatika, lakini zilikuja. Bernadina alitaka kufanya ishara ya msalaba, akashindwa kwa sababu ya ile sahani. Akatafuta pa kuiweka, meza yao imejaa vyombo, akabaki ameishika huku watu wa Gehandu wakimwombea nyonga. Mama mmoja wa Kizungu alimpita akamtabasamia. Bernadina aliona uso unawaka moto. Alitamani sakafu ya meli ipasuke, na maji yenyewe yalikuwa karibu tu.

Mwisho simu ikapewa Agatha. "Mdogo wangu, ng'ombe hawajambo. Yule mwekundu ananirushia mateke, lakini tumeshaelewana. Wewe pona tu urudi."

"Asante, dada," akasema Bernadina. Ilitoka sauti ya mgonjwa kweli, wala safari hii hakuigiza.

Simu ilipokatwa, alimwambia Evarist, "Ulijua kwamba watatuvunia."

"Sikuwaza."

"Uliwaza."

Evarist akainamia sahani yake. Violeth, aliyekuwa anasikiliza muda wote bila kuelewa, alitaka kujua ni nani anaumwa. Alipoelezwa, aliweka uma chini. "Mimi nilitaka mkawasimulie watu," akasema. "Nilitaka mjivunie." Akawachukua watoto wake, akaenda kuwalaza.

Siku zilizobaki Bernadina hakushuka. Barcelona aliiona kupitia dirisha la chumba, Marseille hakuitazama kabisa. Chakula hakikupita. Evarist alimshauri asijisumbue, mambo yakishapita yamepita, na yeye akamjibu kwamba kama ni hivyo basi aende akawaambie mwenyewe.

Walirudi nyumbani kwa basi mpaka Katesh, kisha pikipiki. Pamoja na kutokula kwa siku za mwisho, Bernadina alikuwa amenawiri, na tatizo la mwili ulionawiri ni kwamba huwezi kuuacha njiani. Watu walikuja kumpa pole na maziwa na kuku, wakaishia kumpongeza. Walimzunguka, wakamgeuza, wakamwomba atembee hatua chache waone. Akatembea. Angefanyaje? Kuchechemea tena alishindwa, na kutembea sawasawa kulikuwa uongo mwingine. Hermani akasema daktari yule ni kiboko, wakaimba wimbo wa shukrani, na Bernadina akaimba nao macho yakiwa chini. Kuku wale aliwatazama wamefungwa miguu pembeni, akaona hata kuwapikia wageni ni wizi.

Agatha hakuwa miongoni mwao. Alikuja siku iliyofuata, peke yake, jua likiwa limepanda. Bernadina alimwona tangu anapanda kutoka korongoni na fimbo. Aliona mguu unavyoburuzika kidogo, mkono ulivyoshika kiuno, pumzi inavyokatika kila penye jiwe. Hapo ndipo alipojua mchechemeo wake wa kanisani aliutoa wapi. Muda wote huu alikuwa akimwona Agatha anatembea hivyo, wala hakuwahi kumuuliza. Aliuchukua tu, kama mtu anavyoazima jembe la jirani lililoegeshwa ukutani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Simama nikuone." Agatha alimtazama tangu juu hadi chini, macho yakamjaa machozi ya furaha. Kisha akashushwa polepole kwenye kigoda, Bernadina akimshika bega. Evarist alikuwa mlangoni, anajifanya kunoa panga.

"Nina neno," Agatha akasema. "Nyonga inanila, huu mwaka wa pili. Sikupenda kusema. Mwezi huu nilikuwa nimepanga niende hospitali, ndipo na wewe ukazidiwa, nikasema kwanza tumalize la ng'ombe wako, langu litangoja. Lakini lilivyongoja limekuwa baya. Kulala ni shida."

"Dada, mbona hukuniambia?"

"Nikuambie wewe, na wewe uko kitandani?" Agatha akacheka. "Hapana. Sasa sikia. Siku ile kanisani nilipokuona unachechemea, nilijua. Ni ugonjwa wangu uleule, hata hatua ni ileile. Nikawa nasali upone kwa ajili yako, na kidogo kwa ajili yangu pia, Mungu anisamehe. Na umepona. Nimemwita mpwa wangu Sulle aje kutoka Dongobesh, atanipelekea ng'ombe kwenye mnada wa Katesh, nipate nauli na ya matibabu. Nipe tu jina la daktari na mahali alipo."

Yule ng'ombe alikuwa ndiye pekee aliyebaki tangu mumewe afariki. Maziwa yake ndiyo mboga, ndiyo sabuni, ndiyo kila kitu cha ile nyumba.

"Yule daktari amehamishwa," Evarist akasema kutoka mlangoni.

Agatha akamgeukia. "Amehamishiwa wapi, shemeji?"

"Mbali."

"Mbali wapi? Nitamfuata."

Bernadina alimwona mumewe anatafuta mji. Aliona kabisa anavyoipitia miji kichwani, Mwanza, Mbeya, Mtwara, akichagua ule ambao mjane mwenye nyonga mbovu hawezi kuufikia. Alijua pia kwamba Agatha angeuza ng'ombe akaufikia.

"Hakuna daktari, dada," akasema.

"Mama Violeth," Evarist akaanza.

"Nyamaza, Evarist." Hakuwahi kumwambia hivyo mbele ya mtu. Bernadina akapiga magoti chini, karibu na kigoda, kwa kuwa kusema yale akiwa amesimama hakuweza. "Sikuumwa. Hatukwenda Dar es Salaam. Violeth alituita kwake, tukapanda meli, tukatembea baharini wiki nzima, tunakula na kulala. Tuliona haya kusema. Ile nyonga tulitunga, na kuchechemea nilikuiga wewe. Usimuuze ng'ombe, dada. Hakuna aliyeniponya, kwa sababu sikuwa na ugonjwa."

Evarist aliliacha panga, akaingia ndani. Agatha aliitazama mikono yake, ile iliyokamua ng'ombe wa watu asubuhi na jioni, akaifunua na kuifumba kidogo.

"Ile redio ya wodini," akasema mwishowe. "Ilikuwa muziki wa melini?"

"Ndiyo."

"Nikasema wagonjwa wa Dar wana bahati, wanapigiwa ngoma." Hakucheka. "Na siku tunasali, ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nimeshika keki."

Agatha akatikisa kichwa taratibu. Bernadina alingoja. Alitaka atukanwe. Alitaka dada huyu apaze sauti, korongo zima lisikie, aende akamwambie Hermani, jumuiya nzima ije irudishiwe kuku wake, ili na yeye apate mahali pa kuanzia kulia. Alikuwa tayari kwa lolote la namna hiyo.

"Ungeniambia tu, mdogo wangu," Agatha akasema, tena kwa sauti ya kawaida, ile anayotumia kuulizia chumvi. "Ungesema, dada, mtoto ameniita nikapumzike kidogo. Ningekukamulia vilevile."

Bernadina akafunika uso kwa kitenge. Alisema kutoka mle ndani kwamba atampeleka hospitali yeye mwenyewe, kesho asubuhi, popote pale, mpaka apone. Agatha hakusema ndiyo wala hapana. Alikuwa ameshaikusanya fimbo yake na kujaribu kusimama, akashindwa, akajaribu tena akashindwa. Ndipo akanyoosha mkono, maana hapakuwa na mwingine wa kumwinua, na Bernadina akaushika.