Ploti Tatu na Barabara

Tik. Tik. Tik-tik.

Alfajiri, giza bado limeifunika Rongai, Jepkemboi alikuwa akipapasa kiberiti jikoni aliposikia mlio huo. Akadhani ni panya ndani ya debe la unga. Akatwaa mwiko, akaufuata mlio kwa kunyata hadi sebuleni. Kumbe ni kompyuta ya nyumbani, iliyosahauliwa ikiwaka, inajitafuna matumbo.

Mwalimu Kinyanjui wa darasa la kompyuta la jioni kule Nakuru aliwaambia: diski ikianza kugonga, inaaga. Na ndani ya kompyuta hiyo, wala si mahali pengine, mlikuwa na picha zote za bintiye Cherop tangu siku aliyozaliwa, pamoja na sauti ya kicheko chake cha kwanza. Simu iliyozipiga ilizama chooni mwaka juzi, na hakuna aliyejitolea kuifuata.

Kulipokucha akatoa diski ya nje aliyoinunua kwa ajili ya masomo, akaichomeka.

"Naigawa kwanza," akamwambia mumewe, Kibii. "Sehemu yangu iwe ya kuhifadhi tu, mechi zako za mpira zisije zikaivamia."

Neno kugawa likapenya ukuta. Mama mkwe akatokea, kikombe cha chai mkononi, akavuta kiti.

"Kwenye boma hili hakigawanywi kitu mimi nikiwa jikoni. Kibii ni kifungua mimba, apewe kubwa. Mimi nipewe ya nyimbo za kwaya. Wewe, mama Cherop, kaa hapo katikati. Na barabara?"

"Mama, diski haina barabara."

"Shamba la mzee wangu lilikuwa nayo, na bado kaka yake, Maxwel, akailima, akaifanya yake. Leo Maxwel anapitisha ng'ombe jikoni kwa watu."

Kibii akatazama dari. "Mpe barabara tu. Mimi nilikuwepo siku ng'ombe alikula ugali."

Basi Jepkemboi akakata ploti tatu, na kati ya yake na ya mama mkwe akaacha GB thelathini zisizo na mwenyewe. Mama akaonyeshwa ule ukanda mweusi wa barabara kwenye kioo cha kompyuta, akauridhia, akaenda kukamua. Kibii akajaza mechi zake hadi mpakani, akaenda kazini.

Jepkemboi akaanza kunakili. Yakaingia madaftari ya darasa, zikaingia picha za harusi. Zilipofika za Cherop, kioo kikaandika: nafasi imekwisha.

Akaitazama ploti ya Kibii, imefurika. Ya mama mkwe tupu kabisa, lakini nani angethubutu? Tik-tik, kompyuta ikakohoa. Ndipo macho yake yakatua kwenye barabara.

"Kwani huku kunapita ng'ombe gani," akanong'ona. Akakumbuka somo la Jumanne, akausogeza mpaka wake, akaimeza barabara yote. Picha zikamiminika: Cherop bila meno, Cherop ndani ya karai, Cherop amekalia malenge. Ya mwisho ilipoingia, kompyuta ikagonga mara moja, ikazimika, isiwake tena.

Jepkemboi akaibusu diski. Alipogeuka, Cherop, miaka mitano, alikuwa amesimama nyuma ya kiti, na bila shaka alikuwa hapo muda mrefu.

Mama mkwe akaingia na ndoo ya maziwa. "Barabara yangu iko?"

"Tumemaliza salama, mama," akasema Jepkemboi, akiifunika diski kwa kitambaa cha meza.

"Gogo," Cherop akamwambia nyanya yake, "mama amelima barabara."