Dirisha la Mwisho Mtaa wa Inkerman

Ijumaa asubuhi kura za manispaa ya Brindleshaw zilihesabiwa katika ukumbi wa michezo ulio ubavuni mwa bwawa la kuogelea, kama kila Mei ya uchaguzi. Meza zilipangwa juu ya mistari ya badminton. Makarani walivaa vifuko vya mpira kwenye vidole gumba, wakamwaga kura mezani, wakaanza kuzifungua. Kila mlango ulipofunguliwa iliingia harufu ya dawa ya bwawa, pamoja na makelele ya watoto waliokuwa wakifundishwa kuogelea.

Gaynor Entwistle alisimama nyuma ya kamba. Alikuwa wakala wa Nasreen Akhtar, mfamasia anayegombea udiwani wa kata yao. Wakala haruhusiwi kugusa karatasi hata kwa ncha ya kidole. Kazi yake ni kukodoa macho, na Gaynor alikodoa mpaka yakamuuma. Alikuwa na hofu tangu juzi, na chai aliyopewa na Nasreen ilipoa mkononi mwake bila kunywewa.

Sababu alikuwa nayo. Mtaa wa Inkerman, alikozaliwa na ambako mama yake angali anaishi, umejengwa juu ya machimbo ya zamani ya makaa ya mawe. Kila Chama cha Wakazi kinapotangazwa mshindi, mtaa huzama. Hauporomoki. Hushuka taratibu, nyumba zote kwa pamoja, vikombe vikiwa kabatini na picha zikiwa ukutani, kisha hutulia. Nako Brindleshaw hawachagui madiwani wote kwa mkupuo; huchagua theluthi moja kila mwaka kwa miaka mitatu mfululizo, kwa hiyo mtaa hupata mapumziko mwaka wa nne tu. Zilianza kwenda ngazi za mlangoni, ikafuata milango. Beryl, mama yake Gaynor, akahamishia birika na redio chumba cha juu, na sasa dirisha la chumba hicho lilikuwa sawasawa na njia ya waendao kwa miguu. Tarishi huinama kumpa barua. Mbwa wa jirani humchungulia akila.

Aliyesaini kwamba machimbo yasijazwe zege ni Diwani Clifford Haslam wa chama hicho, na tangu hapo kila akiulizwa hujibu kuwa suala linaangaliwa. Sehemu kubwa ya kata ni nyumba za mlimani, na za mlimani hazizami.

Kuhama Beryl hakuweza. Ofisi ya nyumba pale manispaa ilimweleza kwamba nyumba yenye dirisha inafaa kuishi, na anayeiacha nyumba inayofaa huwa amejikosesha makao kwa makusudi, hapewi nyingine. Gaynor ana chumba kimoja juu ya duka la samaki na chipsi, na mama yake hataki kusikia habari ya kulalia sofa la mtu, hata sofa la mwanawe.

"Gaynor!" Clifford alikuja akitabasamu, ua la kitambaa la chama chake likiwa kifuani kama sahani. "Shangazi Beryl hajambo?"

"Yuko chini."

"Yule mama hatikisiki."

"Anatikisika kila Mei, Clifford."

Clifford akacheka kwa moyo mweupe, akampigapiga begani. Amekula keki za Beryl tangu utotoni, na kwa kweli anampenda. Hilo ndilo lililomuudhi Gaynor zaidi.

Alijitenga pembeni akampigia mama yake simu.

"Mama, nakuomba. Toka nje kwa dirisha ukangoje njiani mpaka watangaze."

"Nikitoka wataandika nimehama. Halafu nimeshachemsha chai. Acha woga, mwanangu, safari hii Clifford atakuja mwenyewe."

"Nani kakwambia?"

"Nimemwandikia."

"Umemwandikia miaka nenda rudi, Mama! Hasomi."

"Hii ataisoma," Beryl akasema, na nyuma yake redio ikasikika ikiimba.

Kuelekea mchana marundo mawili ya kura, la Nasreen na la Clifford, yalilingana. Yakahesabiwa upya, yakalingana tena. Nasreen alimshika Gaynor mkono. Kura zikibaki sawa hupigwa bahati nasibu, na kwa bahati nasibu mtu ana nusu ya matumaini. Gaynor alikuwa tayari kuishi na nusu.

Lakini ilikuwa imebaki karatasi moja yenye utata. Bi Philippa Thorne, msimamizi wa uchaguzi, aliwaita wagombea na mawakala mezani kwake, kama ilivyo desturi, waione wote. Kisanduku cha Nasreen kilikuwa kitupu. Katika kisanduku cha Clifford hapakuwa na alama ya mkasi. Palikuwa na maandishi madogo ya kalamu ya bluu, yaliyobanana ili yasivuke mstari, na Bi Thorne akayasoma kwa sauti yake ya ofisini:

"Clifford, nimebakiwa na dirisha moja. Njoo unitoe."

Gaynor aliijua ile C yenye mkia. Ilikuwa kwenye kadi zake zote za siku ya kuzaliwa. Akaikumbuka na bahasha: mama yake hupiga kura kwa posta, na wiki iliyopita alimwambia Gaynor ageuke atazame ukuta kwa kuwa kura ni siri. Kisha Gaynor mwenyewe akaenda kuitumbukiza kwenye sanduku la posta kwenye kona. Sasa alielewa. Mama yake alikuwa amepata karatasi pekee ambayo Clifford Haslam huiangalia kwa macho yake mwenyewe.

"Hiyo si kura," Nasreen alisema. "Huyu mtu anaomba msaada."

"Alama imo ndani ya kisanduku kimoja tu," alijibu Bi Thorne. "Nia ya mpiga kura iko wazi. Ni kura ya Bwana Haslam."

"Ni mama yangu," alisema Gaynor. "Huo ni mwandiko wa mama yangu."

"Hilo sijalisikia, Bi Entwistle. Kura ni siri."

Clifford aliitazama ile karatasi. "Masikini," akasema. "Suala linaangaliwa." Kisha akanyoosha ua lake kifuani.

Gaynor alipiga simu tena, na alikuwa ameishika sikioni Bi Thorne alipopanda jukwaani kutangaza kwamba Clifford Haslam amechaguliwa kwa kura moja. Watu wa mlimani wakapiga makofi. Clifford akaanza kuwashukuru polisi na makarani.

"Mama?"

"Kumekuwa giza, mwanangu," Beryl akasema. "Ngoja niwashe taa."

Wakati wa chai ya jioni Gaynor alikuwa amechuchumaa juu ya paa la nyumba ya mama yake. Haikuhitaji ngazi, vigae vilianzia kwenye njia. Kwenye paa la jirani Doreen, mumewe alikuwa akimteremshia maziwa kwa kikapu ndani ya dohani. Ofisi ya nyumba ilikuwa imeshampigia Gaynor simu kumjulisha kwamba dohani ni uwazi unaotosha kwa hewa, kwa hiyo nyumba bado inafaa. Mei ijayo angegombea shemeji yake Clifford. Gaynor aliipima dohani kwa macho: ilimfika kifuani.

Akainamisha uso kwenye tundu lenye masizi.

"Mama! Unanisikia?"

"Nakusikia, usipige kelele." Sauti ilitoka mbali, lakini ilikuwa changamfu. "Niambie, aliisoma?"

Gaynor aling'ang'ania matofali kwa mikono miwili.

"Aliisoma, Mama. Ilisomwa mbele ya watu wote."

"Nilikwambia! Basi atakuja."

Kisha Gaynor akasikia kiti kikiburutwa huko chini, kikisogezwa karibu na dohani, na mama yake akikaa ili asipitwe na hodi.