Bahari Juu ya Lori

Skrini ilikuwa kimya tangu walipokunywa chai, na Mama Anga alikuwa ameshaanza kuibembeleza. "Sema basi. Sema hata uongo."

Jina hilo alipewa kazini, kwa kuwa katika modeli yao kongwe ya tabianchi, hesabu za kompyuta za kuiga hali ya hewa, yeye ndiye aliyetunza nusu ya anga: upepo, mawingu, mvua. Nusu ya bahari ilikuwa ya mwenzake wa meza ya pili, ambaye kila mtu alimwita Bahari, hata mke wake. Kila nusu ilikuwa programu yake, na programu hizo mbili zilikuwa zikipokezana habari. Nusu ya bahari inaipa ya anga joto, ya anga inairudishia upepo. Ofisi ilikadiria mvua kwa modeli hiyo tangu wao hawajaajiriwa. Ikifa, hakuna atakayeweza kurudia hesabu zile na kujua kama zilikuwa kweli au kubahatisha.

Na mashine iliyoiendesha modeli hiyo, pande la chuma linalolingana na friji, leo ilikuwa inaondoka. Imeuzwa kwa kilo, chuma chakavu, ili chumba chake kiwe cha wageni wa mkurugenzi. Wao wawili walikuwa wameihamishia modeli, mstari kwa mstari, kwenye kompyuta ndogo waliyoiomba mpaka wakaona haya. Asubuhi hii wameiwasha. Haikulalamikia kosa lolote, ila haikusogea.

"Anga yako inangoja bahari," Bahari alisema, pua ikigusa skrini. "Na yangu inangoja yako. Zimenuniana kama mawifi, kila mmoja anataka asalimiwe kwanza."

Mama Anga alisimama ghafla. "Kwani sisi tumewahi kuianzisha kutoka mwanzo?"

Hawajawahi. Kwenye mashine ya zamani modeli iliendelea tu pale ilipoishia, kutoka kwenye faili moja lililobeba hali ya bahari yote, joto na chumvi mpaka chini kabisa. Walilizoea mno hata wakalisahau. Walikuwa wamehamisha nyumba, wakawaacha wenye nyumba nyuma.

Walishuka ngazi mbio. Uani, wapakizi wa mnunuzi walikuwa wameshaipima mashine kwenye mizani na kuipandisha lorini, katikati ya makabati mabovu. Afisa ugavi alikuwa anagonga mihuri kwenye hati juu ya boneti. Mama Anga alimweleza huku akihema kwamba wanataka kuiwasha kidogo tu, wanakili kitu kimoja. Yeye akajibu bila kuinua macho kwamba mali ikishapigwa muhuri si ya ofisi, na umeme wa ofisi hauwashi mali ya mtu. Waandikie makao makuu. Makao makuu hujibu mwezi unaofuata, wakijibu.

Mama Anga hakubishana. Hasira na furaha vilimpanda kwa pamoja, maana bahari yao ilikuwa pale pale mbele ya macho yake, nzima, juu ya lori. Alikwenda kantini. Mpishi hakuuliza maswali. Alichomoa birika la umeme, akapitisha dirishani waya mrefu wa kurefushia. Bahari akapanda ofisini, akarudi na skrini kifuani na kibodi kwapani kama mtu aliyefukuzwa na mwenye nyumba. Wakapanda.

Mashine ikakohoa, ikanguruma. Mpishi akapiga kigelegele.

"Dereva, ondoa gari," afisa ugavi akaamuru.

Dereva alijipapasa mfuko mmoja, akajipapasa wa pili. "Bosi, ufunguo siuoni." Ulikuwa unaning'inia kidoleni mwake. Akamgeukia Mama Anga. "Nyie ndio wale wa mvua, mama? Mwaka jana mlisema tusubiri kupanda. Nilisubiri. Jirani yangu aliwacheka, mbegu zikamkaukia."

Faili likamaliza kunakiliwa. Bahari akaruka chini na diski, akapotelea ngazini. Muda haukupita, kichwa chake kikatokeza dirishani juu.

"Dada, zinaongea!"

Mama Anga alirukaruka kule kule lorini, mtu mzima na viatu vyake vya ofisini, na hakuona aibu.

Afisa ugavi alimsubiri ashuke, hati mkononi. Imeandikwa mashine imeuzwa pamoja na vyote vilivyomo, akamwambia. "Umechukua mali ya mnunuzi. Huo ni wizi, mama."

"Si mmeuza kwa kilo?"

"Ndiyo, kwa kilo."

"Basi ipimeni tena. Ikipungua, nikamate."

Wapakizi waliishusha huku wakiguna. Mshale wa mizani ukasimama pale pale uliposimama mwanzo. Afisa aliipiga mizani kofi, akaamuru waipime tena, mshale haukubadilika. Sasa utaratibu ulimtaka aandike, naye ni mtu wa utaratibu. Akaandika, akagonga muhuri, akampa nakala: Hakuna kitu chochote chenye thamani kilichotolewa.

Mama Anga aliisoma akicheka, halafu kicheko kikamkauka. Ile bahari nzima, na kazi ya watu waliozeeka wakiifanya, hapa haikufika hata robo kilo. Ilimuuma kweli.

"Ahsante, bosi," akasema. "Hilo tulikuwa tunalijua. Sema hatukuwahi kuwa na muhuri wake."

Akapanda ngazi mbili mbili, maana huko juu Bahari alikuwa anamwita aje aone, mvua yao ya kwanza imeanza kunyesha kwenye skrini.