Waya wa Kutoka Dodoma Hadi Chake Chake

Usiku wa kuamkia leo niliota nipo uwanja wa ndege wa Dodoma na dada yangu Zamoyoni. Mizani ya mizigo ilikuwa imevaa kizibao cha kung'aa, na inatuuliza nani kati yetu ndiye abiria.

Swali hilo halikunishangaza. Siku chache zilizopita, tukiwa macho kabisa, tuliulizwa mengine ya namna hiyo palepale. Dada yangu anapumua kwa mtambo wa oksijeni, ule mkubwa wa nyumbani wenye magurudumu, unaotegemea umeme wa ukutani. Sisi tunauita Mgeni, kwa sababu uliletwa kwa muda na haukuondoka. Kijana wa kaunta alikuwa mpole. Alisema ndani ya ndege hakuna mahali pa kuchomeka mtambo kama huo. Wanaruhusu ile midogo ya betri, tena betri iwe ya kutosha safari nzima na zaidi. Alisema pole, akasema tena pole, halafu tukarudi nyumbani Nkuhungu na sanduku letu.

Ndani ya sanduku kulikuwa na kofia ndogo ya mtoto, kazi ya mkono wa dada. Binti yake, Tausi, amejifungua huko Chake Chake, Pemba. Mtoto anatimiza arobaini leo, na leo ndipo anatolewa nje kwa mara ya kwanza. Kwetu, bibi mzaa mama ndiye humpokea kizingitini. Hayo ndiyo tuliyokuwa tunayawahi.

Basi, katika ndoto, nikamwonyesha dada kwa kidole. "Abiria ni huyu."

"Anapumua mwenyewe?" mizani ikauliza.

"Anasaidiwa."

"Na huyo anayemsaidia?"

"Huyo anapumua mwenyewe," nikajibu. Ndivyo ilivyo. Mgeni huvuta hewa na kuitoa mchana kutwa, hata sisi tukinyamaza.

"Basi abiria ni huyo. Mama ni kifaa chake cha tiba. Kifaa kinasafiri bure, ila kiwe kimesafishwa na kisizuie njia."

Dada akajitazama tangu kifuani hadi miguuni. "Nimeoga," akasema.

Mizani ikamfunga kijikaratasi mkononi, kama wafungavyo masanduku. Kisha ikamgeukia Mgeni, ikamwamkia na kumwuliza habari ya betri.

"Sina betri," Mgeni akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeongea ndani ya ndoo. "Nina waya."

Nikauinua tuuone sote. Ilikuwa ekstensheni nyeupe, nimeiunga na nyingine, na nyingine, kila kiungo nimekizungushia utepe mweusi vizuri.

"Umechomekwa wapi?"

"Chumbani kwetu," nikasema.

"Unatosha safari nzima na zaidi?"

"Safari nzima unatosha. Hiyo zaidi sijaipima."

Mizani ikanitazama kwa huruma. "Haya. Pandeni."

Mgeni akapewa kiti cha dirishani. Alisimama mbele ya kiti hicho muda mrefu, haketi.

"Bi Zamo, niwie radhi. Mimi sikuomba mambo haya."

"Kaa tu, baba," dada akasema, akijikunja sakafuni asizuie njia. "Tangu uje umesimama kwenye kona ya chumba. Na wewe ona nje."

Nyuma yetu yalikaa magongo mawili, ndugu. "Sogea huko," moja linasema. "Sogea wewe. Mimi ndiye wa mguu mbovu." "Mguu mbovu ni wa mwenyewe, wewe ni mti tu." Mwenyewe hayupo. Nadhani walimsahau kwenye ukaguzi.

Tunaruka. Mlango umeachwa wazi kidogo ili waya upite. Nachungulia chini, nauona unavyoshuka kutoka mawinguni hadi ardhini na kurudi nyuma, mweupe, hadi kwetu. Gairo watu wameanika nguo juu yake. Watoto wa shule wanainama kupita chini yake, mmoja mmoja, kwa adabu.

Juu ya Morogoro Mgeni anaanza kuhema. Natazama. Mama mmoja amekata waya wetu, ameunga soketi yake, amechomeka pasi.

"Mama," namwita kutoka juu, bila kupaza sauti. "Huo ni wa mgonjwa."

"Samahani, kaka yangu, sikujua. Nina shati moja tu la mume wangu, anakwenda msibani."

Nageuka kumtazama dada. Midomo yake imeanza kubadilika rangi.

"Mwacheni amalize kola," anasema.

Tunamsubiri. Ndege nayo inasubiri, imesimama hewani kama mtu aliyesahau alichofuata. Mama anamaliza kola, anatupungia mkono, na Mgeni anarudisha pumzi.

Kisha bahari, kisha nikaona njia ya katikati ya viti imekuwa uchochoro wenye kuta za chokaa. Mgeni anabiringika mbele, dada anamfuata na mpira wake puani, mimi naachia waya nyuma. Nasikia vigelegele. Mwisho wa uchochoro upo mlango wa nyumba, na mlangoni amesimama Tausi, mtoto mkononi. Mtoto amepakwa poda kichwa kizima mpaka kope, mweupe kama mwashi aliyetoka kazini.

Hapo waya ukakaza.

Nikavuta. Hauji. Nikavuta tena, taratibu, nisije nikaung'oa ukutani nyumbani.

"Nimefika mwisho," waya ukasema. "Safari nzima nimewafikisha. Hiyo zaidi hukuipima."

Ilibaki nafasi ndogo tu, ya kutandika mkeka mmoja. Mgeni hakuweza kusogea. Dada akasogea peke yake hadi mpira ukanyooka kama kamba ya kuanikia nguo, akaishia hapo, mikono mbele.

"Mama, sogea," Tausi akasema.

"Siwezi, mwanangu. Njoo wewe."

"Siwezi. Mtoto havuki kizingiti mpaka apokelewe. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Ni kweli," dada akasema. "Nilikufundisha vizuri sana."

Walitazamana hivyo. Wanawake waliokuwa ndani wakaacha vigelegele, wakaanza kuulizana kwa sauti ya chini kama chai iletwe sasa au baadaye. Mimi nilikuwa nimeshika waya, natafuta mtu wa kumwuliza kama ana ekstensheni. Sikuona mtu.

Ndipo kizingiti kikakohoa. Kilikuwa cha mti mzee, kimelika katikati.

"Kanuni inasema apokelewe juu yangu," kikasema. "Haikusema mimi nikae wapi."

Kikajing'oa, kikatembea kwa shida kama mwenye baridi yabisi, kikajilaza mbele ya miguu ya dada. Tausi akakifuata hadi kilipolala. Dada akampokea mtoto.

Alimnusa kichwani, akapata poda puani. Kisha akanigeukia. "Kofia nimeiacha kwenye sanduku, Sudi."

"Najua."

"Laiti ningeikumbuka."

Mtoto akapiga chafya. Poda ikaruka yote, ikaning'inia hewani kati yetu, na Mgeni, kwa kuwa hajui kujizuia, akaivuta ndani.

Halafu akaanza kulia, ule mlio wake mwembamba. Nikaelewa kwamba nyumbani umeme wa LUKU umekwisha.

"Mchukue, Tausi," dada akasema. "Mchukue kabla mikono haijazoea."

Tausi alinyoosha mikono. Dada hakuachia upesi.

Niliamshwa na mlio uleule. Umeme ulikuwa umekatika na Mgeni analia gizani kwenye kona yake. Nilimhamishia dada mpira kwenye mtungi wa akiba, nikakaa pembeni ya kitanda hadi umeme uliporudi, nikamrudishia wa Mgeni. Kulikuwa kumeanza kupambazuka.

"Leo arobaini," akasema, uso umeelekea ukutani.

"Ndiyo, dada."

"Watakuwa wamepata mtu wa kumpokea."

"Watakuwa wamepata."

Leo ni Ijumaa, na Ijumaa huwa naiosha sponji ya mtambo, ile ya nyuma inayozuia vumbi. Niliitoa nikaenda nayo bombani. Kila wiki hutoka nyekundu, kwa vumbi letu la Nkuhungu. Leo ilikuwa nyeupe. Nikaigusa, unga laini ukabaki kidoleni. Nikaunusa. Kwetu hakuna mtoto mchanga, na poda haiingii ndani ya nyumba hii kwa sababu humkohoza dada.

Maji yalikuwa yameshaanza kutoka. Nikafunga bomba. Nikarudi chumbani, nikaipachika sponji nyuma ya Mgeni vilevile bila kuiosha, nikamwacha dada avute.