Muhuri wa Risasi Moja

Kichwa kinaniangukia juu ya meza ya kuchongea mihuri, mchana kweupe, na chini ya shavu langu ipo picha aliyoniletea mwalimu mmoja wa historia nimchongee mfano wake: muhuri wa madini ya risasi wa jemadari wa Warumi wa Mashariki, upande mmoja mtakatifu mwenye mkuki, upande wa pili jina na cheo. Nafumba macho kidogo tu, najiambia, maana wiki tatu sasa sipati usingizi, tangu Hemedi, mdogo wangu, askari, aache kupiga simu kutoka mpakani. Nafumba, picha inafunguka, naingia. Ni mji uliogeuzwa, vibao vya maduka vimeandikwa kinyumenyume, watu wanasalimiana kwa mkono wa kushoto, na barabara ninayoishika inanirudisha pale pale, naishika tena, inanirudisha tena. Mtakatifu mwenye mkuki ananisubiri. Uso hana, umelika kwa vidole vya watu wa miaka elfu. Shikamoo, namwambia. Marahaba, Mwanaidi, umechelewa. Hemedi yuko wapi? Yuko mwisho wa barabara. Na mwisho wa barabara uko wapi? Uko alipo Hemedi. Jibu gani hilo, mzee wangu, mimi vitendawili sina muda navyo leo!

Hakasiriki. Ananipeleka kwa jemadari, naye hana uso. Mezani ipo barua ya kumrudisha Hemedi nyumbani, imeviringishwa na kufungwa uzi, ila muhuri haina, mchongaji amekimbia. Risasi imebaki moja, anasema jemadari. Ikikaa kwenye uzi, anarudi. Ikikaa kwenye kombeo, harudi. Kombeo la nani? Kombeo halina mwenyewe. Naikwapua ile risasi kabla hajageuka, navuta koleo lake la chuma la kugongea mihuri, taya ya mtakatifu imeshachongwa, taya ya jina ni tupu. Nachonga jina la jemadari, nalichonga kinyume, kama nilivyochonga kila muhuri kwa miaka thelathini, ili likigongwa litoke sawa. Napitisha uzi ndani ya risasi, nabana, nagonga nyundo, nakimbia na barua. Langoni mpakani mlinzi asiye na macho anaupapasa muhuri kwa kidole gumba, anaupapasa tena. Jina halisomeki, mama. Mjinga mimi, mji mzima unasoma kinyume nami nimewaletea jina lililonyooka! Nitagonga upya, baba, nipe nyundo. Uzi umeshabanwa, anasema, na risasi nyingine hakuna. Huu unasomeka kwenu tu. Nyuma ya lango namsikia Hemedi akikohoa, kikohozi chake nakijua tangu utotoni, naita, nagonga mbao kwa ngumi, naita, na mlinzi anarudia kwa upole, unasomeka kwenu tu, mama, kwenu tu.

Simu inaita. Naipokea shavu likiwa bado mezani. Dada, ni mimi, anasema Hemedi. Barua imefika, mkuu wetu ameisoma, nimeruhusiwa, kesho nipo njiani. Barua gani, Hemedi? Dada, si umeileta mwenyewe? Nilikusikia unagonga lango. Nataka kupiga vigelegele, nataka kutoka mbio niwaambie majirani, lakini sithubutu kusogeza hata kidole, nisije nikaamka.