Fundi Aliyejenga Kiwikoni Mwangu

Wewe umewahi kusikia nyundo zikigonga ndani ya kiwiko chako? Mimi usiku wa jana niliota nazisikia. Nikapandisha mkono wa gauni, nikafunua ngozi kama pazia la jikoni, nikaingia.

Ndani ni mchana. Mfupa mfupi uliovaa kofia ya ukindu unapiga plasta katikati ya nyama yangu. Chumba na sebule vimekwisha. Ndiyo maana, tangu nilipoteleza kisimani miezi mitatu iliyopita, mkono haukunjiki wala haunyooki, na tonge la ugali halifiki mdomoni.

Fundi akaniamkia shikamoo, maana ana miezi mitatu tu. Nikamuuliza kwa upole nani kampa kiwanja. Akashangaa. Akasema sheria ya mifupa ni moja, nyama ikilia wao wanapeleka ukuta. Na hii yangu inalia kila asubuhi.

Hapo nikamjua anayeiliza: Nyamizi, dada wa marehemu mume wangu, anayevuka mto kila kukicha kuja kunichua kwa mafuta ya nyonyo na kuuvuta mkono kwa nguvu zake zote. Daktari alishanionya kwamba nyama inageuka mfupa, nisichuliwe. Sijamwambia Nyamizi. Nikimnyima mkono, atakuja kwangu kwa sababu gani?

Mara tuko ofisi ya kijiji. Bakuli la mafuta ndilo mwenyekiti. Fundi anasoma ramani: baraza, choo, na banda la mbuzi litakalofika begani. Bakuli linataka mwenye pingamizi anyooshe mkono. Wangu haunyooki. Nanyoosha wa kushoto, naambiwa huo hauna kiwanja hapa.

"Hakuna pingamizi," likasema bakuli, likagonga muhuri.

Fundi akanishika bega, akaninong'oneza, "Sema kwa mdomo, bibi. Hata sisi tumechoka."

Nikaamka. Begani pa gauni pana alama ya kiganja cheupe, kidogo kama cha mtoto mchanga. Nikanusa: chokaa. Na nyumba yangu ni ya udongo mtupu.

Nyamizi alikuwa ameshaingia, mafuta yamepashwa, anasema mkono huu mkaidi kama mimi mwenyewe siku nilipoletwa bibi harusi kwao, nikagoma kushuka kwenye baiskeli.

"Lete hapa, mbishi wee."

Nikauficha nyuma.

"Wifi," nikasema, "mkono usiuguse tena. Wewe njoo tu."